Nani Aliiua Bandari ya Damme?

Najua wengi wenu mkilipata jarida hili hukimbilia kwanza ukurasa wa vichekesho, halafu mashairi, halafu mkatafuta kama majina yenu yamo. Leo nawaomba mnipe dakika chache kwa maana nina kesi ya mauaji. Aliyeuawa si mtu, ni bandari. Na washukiwa si haba.

Mambo yalianza hivi. Muhula uliopita mwalimu wetu wa Historia alitupa jaribio juu ya kukua na kufifia kwa miji. Swali la mwisho lilihusu Damme, mji mdogo wa Flanders, nchi ya zamani ambayo sehemu yake kubwa sasa iko Ubelgiji. Tulitakiwa tueleze kwa nini bandari ya mji huo ilikufa. Mimi nikaandika kwa mkato: "Ilijaa mchanga." Nikaiweka kalamu chini nikijua nimefaulu. Karatasi iliporudi, lahaula! Alama moja kati ya nne, na kando yake kwa wino mwekundu: "Mchanga ulitoka wapi? Na kwa nini haukuijaza bandari siku ya kwanza, ukangoja miaka mia tatu?"

Nilinuna mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Jirani yangu wa dawati alinicheka sana, ijapokuwa yeye alipata sufuri. Lakini lile swali lilikataa kunitoka kichwani, nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

MAHALI PENYEWE

Fungua atlasi yako kwenye ramani ya Ulaya. Tafuta Uingereza, kisha uvuke bahari uelekee mashariki. Kati ya Ufaransa na Uholanzi utaona pwani fupi mno ya Ubelgiji, isiyotimiza hata kilomita 70. Ndani kidogo ya pwani hiyo kuna mji wa Bruges, na kilomita kama sita kaskazini mashariki mwa Bruges kuna kidoa cha Damme, ikiwa atlasi yako ina huruma ya kukionyesha. Yangu haina.

Nchi ile ni tambarare kama sakafu. Sehemu nyingi ziko chini kuliko kimo cha bahari inapojaa, kwa hivyo tangu kale wakazi wake waliishi kwa kushindana na maji. Mwaka unaotajwa sana katika habari hizi ni 1134. Mwaka huo kulitokea dhoruba kali, bahari ikaipasua pwani na kuchimba hori refu lililoingia nchi kavu. Hori, kwa wale ambao hawajafika pwani, ni mkono wa bahari uliopenya ndani, maji yake hujaa na kupwa pamoja na bahari yenyewe. Hori hilo liliitwa Zwin.

Kwa wakulima waliofurikiwa ilikuwa balaa. Kwa wafanyabiashara wa Bruges ilikuwa neema iliyoshuka bila kuombwa, maana njia zao za kwenda baharini zilikuwa zimeanza kuwa mbovu. Kufa kufaana. Ila hori lenyewe halikufika Bruges. Liliishia kilomita kadhaa kabla, na hapo lilipoishia watu wakajenga boma la udongo la kuzuia maji ya chumvi yasiendelee ndani. Boma la namna hiyo kwa lugha yao huitwa "dam". Sasa unajua jina la mji lilitoka wapi.

Mwaka 1180 mtawala wa Flanders, Philip wa Alsace, aliwapa watu wa Damme hati ya kuwa mji. Tuelewane hapa. Siku zile mahali hapakuwa mji kwa sababu ya wingi wa nyumba, palikuwa mji kwa sababu ya hati. Hati iliwapa watu haki ya kuwa na baraza lao na mahakama yao, na hawa wa Damme ikawasamehe ushuru mwingi ndani ya Flanders. Mfanyabiashara asiyetozwa ushuru huuza rahisi, na anayeuza rahisi hakosi wateja. Ndiyo maana mji ule ulikua upesi.

FAHALI WAWILI

Miaka 33 tu baada ya kupata hati, Damme iliungua. Mwaka 1213 Mfalme Philip wa Pili wa Ufaransa alikuwa amekusanya merikebu nyingi mno ili aivamie Uingereza. Safari hiyo ilipovunjika, aliigeuzia hasira Flanders, kwa kuwa mtawala wake, Ferrand, alikuwa amekataa kufuatana naye. Merikebu zikaingia Zwin na kutia nanga Damme. Zilikuwa nyingi hata bandari haikuzitosha, nyingine zikabaki nje. Askari wakateremka wakaenda kuuzingira mji wa Ghent, wakaziacha merikebu na walinzi wachache.

Mwisho wa mwezi wa Mei Waingereza wakatokea wakiongozwa na William Longespée, ndugu wa kambo wa Mfalme John. Walizikuta merikebu kama vifaranga vilivyoachwa na mama yao. Mamia waliziteka na nyingine wakazichoma. Mfalme Philip aliporudi na kuona zilizobaki hawezi kuzilinda, alizitia moto mwenyewe, na mji wa Damme pia akauteketeza. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na Damme ndiyo iliyokuwa nyasi.

Lakini hapa angalia jambo moja. Mji uliungua wote, na bado ukajengwa upya ukawa tajiri kuliko mwanzo. Kwa nini? Kwa sababu hori lilikuwa bado refu na lenye kina. Kwa hivyo mshukiwa wetu wa kwanza, vita, namwachilia huru. Moto ulikula nyumba, haukula maji.

PIPA LA DIVAI NA BAHARIA MGONJWA

Sasa tuutembelee mji ukiwa mzima. Merikebu kutoka baharini inapanda na maji yanapojaa, inafika Damme na kutia nanga. Haiwezi kuendelea. Makuli wanapakua mizigo na kuitia katika mashua bapa zinazovutwa kwenye mfereji hadi Bruges. Kutoka Uingereza ilikuja sufu, ambayo bila hiyo wafumaji wa Flanders wangelala njaa. Kutoka kusini magharibi mwa Ufaransa ilikuja divai. Kutoka nchi za kaskazini zilikuja nafaka, mbao, nta, ngozi za manyoya na samaki. Mwaka 1252 Margaret, malkia wa Flanders (tumwite hivyo, ingawa cheo chake kilikuwa chini ya umalkia), aliwapa wafanyabiashara wa Kijerumani mapatano maalumu yaliyoorodhesha ushuru wa Damme bidhaa kwa bidhaa. Ukitaka kujua bandari ilikuwa na shughuli gani, usiulize hadithi, tazama orodha ya ushuru.

Damme ilikuwa na haki ya peke yake juu ya divai. Yaani divai iliyoingia Zwin ilikuwa lazima ipakuliwe na kuuzwa hapo kwanza. Ilikuwa na haki kama hiyo kwa samaki waitwao heringi, na mpaka leo kuna mahali mjini panapoitwa Soko la Heringi. Fikiria harufu yake!

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni sheria. Mabaharia wa siku zile walitoka nchi tofauti na kila mmoja na mila zake, basi ugomvi ukitokea nani ataamua? Katika kisiwa cha Oléron, pwani ya magharibi ya Ufaransa, kulikuwa na mkusanyiko wa hukumu za baharini. Watu wa Flanders walizitafsiri kwa lugha yao, zikajulikana kuwa Sheria za Bahari za Damme, na kutoka hapo zikasambaa hadi Bahari ya Baltiki. Nilipozisoma nilishangaa. Nilidhani watu wa karne ya 13 walikuwa wakikatana vichwa tu.

Kwa mfano, nahodha akitaka kung'oa nanga hali ya hewa ikiwa ya mashaka, ni lazima kwanza awaulize mabaharia wake. Wengine watasema ni nzuri, wengine watasema mbaya, naye afuate walio wengi. Akikaidi, chombo kikapotea, atalipa. Dhoruba ikizidi na mizigo ikabidi itupwe baharini, nahodha awaambie wenye mali waliomo chomboni. Hasara haimwangukii yule ambaye mapipa yake yalitupwa peke yake. Hugawanywa kwa wote ambao mali yao ilisalimika, kwa sababu ilisalimika kwa ajili ya yale mapipa.

Na baharia akiugua? Ashushwe pwani, akodishiwe nyumba, apewe taa, apewe mtu wa kumwuguza, na chakula kile kile alichokuwa akipata chomboni. Chombo hakilazimiki kumngoja. Lakini akipona mshahara wake yuko nao, na akifa hupewa mkewe au jamaa zake. Baba yangu amewahi kufanya kazi ya kibarua akaugua siku nne, nilipomsomea sheria hii alinyamaza kidogo halafu akasema, "Rudia hapo pa mshahara."

MSHAIRI WA DAMME

Kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, siwezi kupita bila kumtaja Jacob van Maerlant. Aliishi Damme katika nusu ya pili ya karne ya 13. Siku hizo ukitaka kuonekana msomi ungeandika Kilatini, na ukitaka kuonekana mtu wa nasaba ungesema Kifaransa. Lugha ya sokoni, ile ya makuli na wauza heringi, ilionekana haifai kitabu. Maerlant aliichukua lugha hiyo hiyo, Kiholanzi cha zamani, akaandika nayo kila kitu. Aliandika habari za wanyama na mimea na mawe katika kitabu ambacho jina lake maana yake ni Ua la Maumbile. Aliandika hadithi za Biblia kwa mashairi. Alianza historia ya dunia nzima, pia kwa mashairi, aliyoiita Kioo cha Historia, akamtunukia Floris wa Tano aliyetawala Uholanzi.

Wapo waliomlaumu kwa kuwafungulia watu wa kawaida elimu iliyokuwa imefungiwa. Lakini waandishi waliomfuata walimwita baba wa washairi wote wa lugha yao. Sanamu yake iliwekwa mbele ya ukumbi wa mji wa Damme mwaka 1860 na ingali pale. Nawaambia hili hasa wale wenzangu wanaosema Kiswahili ni cha sokoni na kwamba sayansi haisemeki kwacho. Haya, turudi kwenye kesi.

MATUTA

Hori lile la Zwin liliwekwa wazi na nini? Hapa ndipo nilipokuwa nimekosea. Nilidhani hori ni kama shimo, ukilichimba litabaki shimo. La hasha. Mara mbili kila siku bahari ilijaa, maji yakapita horini na kutandaa juu ya mabonde mapana ya tope yaliyokuwa kando kando. Kisha bahari ikapwa, na maji yale yote, mengi ajabu, yakarudi kwa kasi kupitia njia ile ile. Kasi hiyo ndiyo iliyofagia mchanga na kuutoa nje. Yaani hori lilijifagia lenyewe, asubuhi na jioni, bila mshahara. Maji yanapotandaa kwa wingi, ufagio huwa na nguvu. Yakipungua, ufagio huchoka, na mchanga hutuama.

Sasa tazama walichofanya watu. Tope la kando liliinuka kidogo kidogo, nyasi zinazovumilia chumvi zikaota, kondoo wakaletwa kuchunga. Pakishainuka vya kutosha, wenye ardhi walizungushia tuta la udongo. Bahari ikijaa haikuingia tena. Mvua ikaosha chumvi kwa miaka kadhaa, na pakawa shamba, na shamba kwelikweli, lenye rutuba ya kushangaza. Shamba la namna hiyo huitwa polda. Watawala waliwapa ardhi za tope watawa, kama wale wa Ter Doest karibu na Bruges, ambao ghala lao kubwa la nafaka bado limesimama. Watu wenye fedha wa mijini nao hawakubaki nyuma. Sifa za wajenzi hao zilifika mbali: mshairi Dante wa Italia, katika kitabu chake juu ya Jehanamu, alipotaka kueleza ukuta wa kuzuia maji alitoa mfano wa matuta ya watu wa Flanders.

Umeshaona? Kila tuta jipya lilipunguza mahali pa maji kutandaa. Maji yaliyoingia horini yakawa machache, na yaliyotoka yakawa machache pia. Ufagio ukakonda. Hakuna tuta moja lililoiua Damme, na hilo ndilo jibu la "ukangoja miaka mia tatu." Bandu bandu huisha gogo.

Ili niamini, nilijaribu mwenyewe. Nilichukua karai la kufulia, nikalijaza mchanga laini, upande mmoja nikachimba bonde pana, kutoka bondeni nikachora kijifereji hadi upande wa pili. Nikatia maji, kisha mdogo wangu akawa analiinamisha karai huku na huku taratibu, ndiyo bahari kujaa na kupwa. Maji yalikwenda mbio kwenye kijifereji na mchanga ukatolewa. Halafu nikajenga tuta la tope bondeni, nikaacha kijinafasi kidogo tu. Tukaliinamisha tena. Baada ya dakika chache kijifereji kilikuwa kimejifukia karibu chote. Tulishangilia hadi mama akatoka kuuliza ni nani aliyetia matope karai lake. Hiyo ilikuwa kesi nyingine, na mshukiwa alipatikana upesi.

KUHAMAHAMA KWA BANDARI

Wakati hori likipungua kina, merikebu nazo zilikuwa zikiongezeka ukubwa. Maskini Damme ilibanwa pande zote mbili. Merikebu kubwa zikaanza kuishia chini zaidi, kuelekea baharini, na kila ziliposimama paliota kimji: Monnikerede, Hoeke, Mude, na mwisho Sluis, ulio karibu kabisa na bahari, ambao ulipata hati yake mwaka 1290. Ukiitazama ramani utaona miji hiyo imejipanga kando ya hori kama shanga uziani. Bruges haikupenda bandari hizi ndogo zijione kubwa. Mwaka 1323, haki juu ya maji ya Sluis zilipopewa bwana mwingine, watu wa Bruges walikwenda na silaha wakauchoma mji huo.

Damme yenyewe iliendelea kuishi kwa divai yake na haki zake za zamani. Mwaka 1385 watu wa Ghent, wakiwa katika uasi, waliuteka mji usiku, na Mfalme wa Ufaransa akauzingira kwa majuma kadhaa hadi watekaji wakatoroka. Ukaporwa tena. Ukainuka tena, lakini safari hii kwa kujikongoja.

Na bado ulipata siku yake moja ya fahari. Kati ya 1464 na 1468 wakazi walijenga ukumbi mpya wa mji, wa mawe, chini nafasi za biashara, juu chumba cha baraza. Ulipokamilika tu, tarehe 3 Julai 1468, Charles, mtawala wa Burgundy na Flanders, aliyejulikana kwa ujasiri wake uliopita kiasi, alimwoa Margaret wa York, dada wa mfalme wa Uingereza. Ndoa ilifungwa Damme alfajiri na mapema. Kisha msafara ukaondoka kwenda Bruges, na karamu zote, michezo ya farasi, mapambo na nyimbo, zikafanyika huko kwa siku tisa. Mimi naona hapo Damme ilikuwa kama nyumba ambayo bibi arusi hubadilishia nguo. Hata bibi arusi mwenyewe alikuwa ameteremka Sluis, si Damme.

Jirani yangu wa dawati anabisha. Anasema matuta ninayasingizia, na kwamba kilichomaliza biashara ya Zwin ni siasa. Nakiri ana hoja. Mwaka 1488 watu wa Bruges walimkamata Maximilian wa Austria, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mwanawe, wakamfungia mjini mwao kwa miezi kadhaa. Alipoachiliwa hakusahau. Wafanyabiashara wa nchi za nje waliamriwa wahamie Antwerp, na wengi waliokwenda hawakurudi. Lakini namwuliza: kwa nini Antwerp? Kwa sababu huko kulikuwa na maji. Mafuriko ya miaka iliyotangulia yalikuwa yamekipanua kinywa cha magharibi cha mto Scheldt, na merikebu kubwa zikaweza kupanda hadi mjini. Neema ile ile iliyowapata Damme mwaka 1134 sasa iliwapata wengine.

Bruges haikukaa kimya. Ilichimba na kuchimbua, ikatumia fedha nyingi. Mwaka 1546 mchoraji aitwaye Lancelot Blondeel alitoa pendekezo la mfereji mpya wa kwenda baharini moja kwa moja, lakini haukuchimbwa. Mchoraji mzima kuingilia kazi ya wahandisi! Inaonyesha walivyokuwa wamekata tamaa.

BAADAYE

Yaliyofuata nayapitia haraka. Mwanzoni mwa karne ya 17, wakati wa vita kati ya Wahispania na Waholanzi, Damme ilizungushiwa ngome yenye umbo la nyota ya ncha saba, na alama yake huonekana hadi leo mtu akiwa juu angani. Kanisa kubwa la Bibi Yetu, lililojengwa mji ulipokuwa na watu na fedha, likawa kubwa kupita waumini wake, na mwaka 1725 sehemu yake ya kati ilibomolewa. Kwa hivyo ukienda leo utaukuta mnara umesimama upande wake na kanisa upande wake, katikati hewa tupu. Inasimuliwa kwamba Maerlant alizikwa chini ya mnara huo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Napoleon aliamuru mfereji uchimbwe kutoka Bruges kupita Damme, ukaanza kuchimbwa na wafungwa wa vita wa Kihispania, nao ulipasua mji katikati. Mwaka 1997 Damme ilitangazwa kuwa kijiji cha vitabu, na wageni huja na mashua kutoka Bruges kutembea na kununua vitabu vikuukuu.

Monnikerede haina hata hayo. Ni mashamba matupu. Wachunguzi wa mambo ya kale huutambua mji kwa picha zilizopigwa kutoka angani na kwa vigae wanavyookota kwenye udongo uliolimwa. Na Zwin yenyewe? Imebaki kijimkono kifupi cha bahari mpakani mwa Ubelgiji na Uholanzi, mahali pa hifadhi ya ndege.

Niliyaandika haya yote, kurasa sita, nikampelekea mwalimu. Nilitoa hukumu: aliyeua ni mjenga tuta. Mwalimu alikaa nayo siku mbili. Iliporudi alikuwa ameniongezea alama moja, ikawa mbili kati ya nne, na chini kabisa kulikuwa na wino mwekundu tena: "Mjenga tuta alikuwa na watoto nyuma ya tuta. Ungemwambia nini?"

Nimelijadili na jirani yangu wa dawati tangu wiki ile. Yeye anasema wenye merikebu wangemlipa mkulima aliache bonde lake lifurike, kama ile sheria ya mapipa, hasara igawanywe kwa wote. Mimi nasema hakuna mkulima ambaye angekubali malipo ya mwaka mmoja kwa ardhi ya kurithisha. Mwenye jibu bora atupate kidato cha tatu, dawati la pili kutoka dirishani.